Kadi ya Gari la Jaji

Turffontein, Johannesburg
14 Mei 2017

Wifi yangu Mwatumu,

Shikamoo. Nisamehe kwanza, mengine yafuate. Mwezi wa tatu unakwisha tangu tumzike ndugu yako Bakiri na hujaona mwandiko wangu. Si kwamba sikuandika. Barua hii nimeianza mara nne. Ya kwanza mtoto aliikojolea, tatu zilizobaki nilizichana mwenyewe.

Namwamkia Mama. Kaka Salum na mkewe shikamoo zao, na watoto wote wa nyumba nawasalimu. Sisi miili ni mizima. Baridi ya huku imeanza, asubuhi maji ya bomba yanauma vidole. Karimu yuko darasa la kwanza. Kiswahili anakisikia, lakini ananijibu Kiingereza, na akikasirika ananijibu Kizulu, nami nabaki namtazama mdomo. Mdogo wake Biubwa ameota meno mawili ya chini. Mwambie Mama kwamba huyo somo wake ananiuma.

Simu sipigi, na sababu unaijua. Simu ya hapo nyumbani ikilia Mama anaiweka spika, Kaka Salum anasogea, kila mtu ananiuliza la kwake mpaka salio linakatika langu sijalisema. Barua hii anakuja nayo Khatibu wa Makorora, yule anayenunua mablanketi Fordsburg na kuyapeleka Dar kwa basi. Ameniapia ataitia mkononi mwako, si mkononi mwa mtu mwingine.

Neno lenyewe ni gari.

Najua Bakiri aliwaambia yote kuhusu gari lile, ila aliwaambia kwa namna yake. Kweli lilikuwa la Jaji Motlhabane, yule mzee aliyeishi uhamishoni Morogoro ujana wake, akarudi kwao akahukumu kesi kubwa mpaka sura yake ikazoeleka magazetini. Kweli ni Land Cruiser yenye viti vya ngozi, na mtu akikaa ndani hasikii barabara. Lakini hakupewa bure kama mlivyosikia. Alilinunua mwaka juzi. Macho ya mzee yalikuwa yanapungua, Bakiri ndiye aliyekuwa fundi wake wa rangi ya magari, basi wakakaa barazani kwa mzee wakasema Kiswahili chao. Huyu akasema nimekuuzia, huyu akasema nimenunua, wakapeana mikono. Kwa Bakiri biashara ilikwisha pale pale.

Kilichobaki ni kadi. Kadi ya gari mpaka leo ina jina la Jaji, na Bakiri hakusahau kuibadilisha. Hakutaka. Askari wa barabarani akimsimamisha, akasoma lile jina, anamwambia "Sharp, baba, pita." Jioni ananihadithia huku anacheka, nami nacheka. Stika ya maegesho ya mahakama nayo aliiacha kwenye kioo. Miaka miwili tulicheka, wifi, hatukujua tunacheka nini.

Sasa Jaji anasema atanibadilishia jina, lakini anataka cheti changu cha ndoa. Cheti kiko kwenye kasha la Mama. Yeye mwenyewe alituambia mwaka ule tunaondoka tukiache, njiani vitu hupotea. Naomba umwombe, umpe Khatibu. Najua kuna kuomba nakala ofisini, lakini anatakiwa mtu afike Tanga kwa miguu yake, nami tangu Bibi yangu wa Muheza afariki, mtu wangu huko ni wewe.

Gari ndilo linalotulisha. Bakiri alianza kuwapeleka shule watoto wawili wa Thérèse, msusi wa Kikongo tunayepakana naye ukuta. Sasa watoto wa watu ni sita, na Karimu wa saba. Baada ya msiba usukani niliushika mimi. Kwa hiyo gari halitakuja Tanga. Nalisema mapema lisije likasemwa na mtu mwingine kwa maneno makali kuliko yangu.

Uliniuliza habari za mazishi. Yalikwenda vizuri. Alizikwa Ijumaa, watu walikuwa wengi.

Wifi yako,
Nusaiba


Ngamiani, Tanga
4 Julai 2017

Wifi yangu Nusaiba,

Marahaba. Idi ya huku ilitupita kama mgeni asiyekaribishwa, hatukupika cha maana. Mama anakusalimu sana. Amesema mwambieni somo wangu asimuume mama yake, na kama meno ameyachukua kwangu basi ayatunze, mimi sina hata moja. Salum anakusalimu, mkewe anakusalimu, watoto wote. Bi Mwanahawa wa nyumba ya pili kila siku anaulizia hali yako.

Barua yako nimeipata mkononi. Nami nitakuandikia kama mtu na wifi yake, usinichukie.

Mwadini, yule mtu wetu wa Tanga aliyeko huko, alikuja mwezi wa tano. Akakaa hapa barazani, akanywa kahawa yetu, akasema amekuona kwenye roboti za Rosettenville, hizo taa za barabarani, umeshika usukani, na eda haijatimia hata nusu. Wewe umeolewa nyumba hii, Nusaiba. Mjane wa nyumba hii hajawahi kuonekana hata dirishani.

La gari, ngoja nikwambie lilipofikia. Salum amebomoa ukuta wa uani akapanua lango. Amejenga banda, amelipiga bati jipya kabisa. Watoto wa mtaa wamelipa jina, wanaliita mahakamani. Wakitaka kugombana wanasema twende mahakamani, wanakwenda kugombania humo humo. Salum anataka udiwani, anasema mtu akishuka kwenye gari kama lile watu humsikiliza kabla hajafungua mdomo. Hayo ni ya Salum. Ya Mama ni mengine. Mama analitaka gari kwa sababu analitaka.

Na anauliza neno moja kila siku. Mwanawe aliogeshwa na nani? Alichukuliwa na nini mpaka kaburini? Wewe kwenye simu ulisema yalikwenda vizuri, na kwenye barua umesema yalikwenda vizuri. Mama anasema vizuri ndiyo nini? Sisi hatukumwona, hatukumwosha, hata konzi ya mchanga hatukutia.

Cheti nimemuuliza. Aliinuka pale kitandani, akaenda akakaa juu ya kasha. Akasema, "Gari likiingia lango lile, cheti kitatoka." Mpaka naandika hivi, akimaliza kuswali anakwenda kukaa hapo hapo. Chakula anapelekewa hapo.

Sina la zaidi. Funga watoto vizuri na hiyo baridi.

Mwatumu


Turffontein
20 Agosti 2017

Wifi Mwatumu,

Shikamoo, na Mama shikamoo yake, nambusu mikono. Kaka Salum na wote wa nyumbani nawasalimu. Bi Mwanahawa mwambie nimepata salamu zake. Huku Biubwa ameanza kusimama akishika kiti. Karimu alikuwa na kikohozi, kimepungua. Mimi nachoka tu. Naamka saa kumi alfajiri nipike nifue kabla ya safari ya shule, na jioni nalala kabla ya mtoto, yeye ndiye anayenibembeleza.

Sikukuchukia. Ila jibu langu lisikie lote.

Mwadini aliniona, kweli. Angesimama ningemwamkia. Nilikwenda kwa shehe wa Fordsburg siku ya nne ya msiba, nikamweleza watoto wa watu wananingoja mlangoni na sina mwingine wa kunilisha. Akasema kwa dharura, mchana, nirudi kulala nyumbani kwangu. Nikafanya hivyo. Baibui moja, bila wanja, bila hina, bila manukato. Watoto nilikuwa nawashusha getini bila mimi kutia mguu chini. Miezi minne na siku kumi, wifi, eda yangu nimeikalia kwenye kiti cha Jaji. Kama haihesabiki, atakayenihukumu si Mwadini.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kwa Jaji. Thérèse alinisindikiza, amembeba Biubwa. Mzee yuko kwenye kiti chake, blanketi magotini, redio sikioni. Haoni tena, alinijua kwa sauti.

"Ndugu Nusaiba," akasema. Yeye bado anasema ndugu, kama zamani kule kwetu. "Gari langu bado linakula mafuta?"

"Linakula, mzee, kama linanyonyesha."

Akacheka mpaka akakohoa. "Na viti vyangu?"

Mimi nikamtazama Thérèse, maana hali ya viti naijua. Thérèse akadakia: "Viti iko bien, papa! Batoto banakulaka magwinya ndani kila asubui, ile mafuta inalainisha ngozi. Banaendaka ku masomo sawa baministre."

Magwinya ni maandazi ya huku, makubwa, yanachuruzika mafuta. Mzee akacheka tena, akasema kumbe aliwahi kubeba mawaziri kwenye viti vile na hawakuacha hata mafuta.

Nikaona moyo wake umekunjuka, nikamwomba. "Mzee, niandikie tu. Unanijua, Bakiri ulimjua. Cheti kina matatizo nyumbani."

Akaizima redio. "Nakujua. Lakini nilikaa kwenye kile kiti cha mahakama miaka kumi na tisa. Kila mjane aliyekuja mbele yangu nilimuuliza cheti. Wengine nilijua wanasema kweli, nikawauliza vilevile. Wewe nikusamehe kwa sababu tunajua lugha moja?"

Nikampokea Biubwa kwa Thérèse.

"Lete cheti," akasema. "Na ulete upesi, ndugu. Daktari wangu haniahidi Krismasi."

Ndiyo haraka yangu, wifi. Jaji akiondoka na kadi ina jina lake, gari litaingia kwenye mirathi yake, nami nitasimama getini kwa watu nisiowajua nawaambia lilikuwa letu kwa kupeana mikono.

Sasa la Mama. Nilitaka nife nalo. Msomee Mama peke yake, mlango umefungwa.

Aliogeshwa na shehe na wanaume wawili wa Tanga wanaomjua tangu Makorora. Waliniambia kifua chake kilikuwa kimeingia ndani kama bakuli, ile rangi ya kupuliza magari ilikuwa imemla siku nyingi. Maji yalikuwa ya vuguvugu, hilo nilisimamia mwenyewe, niliyachemsha mimi. Gari la jumuiya ya maziko lilikuwa limekwenda msiba mwingine na Ijumaa inakaribia. Basi wakalaza viti vya nyuma vya lile Land Cruiser, wakatandika mkeka wetu wa ukindu, jeneza likaingia. Mlango wa nyuma haukufunga. Wakaufunga kwa kamba, na Gustave, mume wa Thérèse, akakaa ndani akaushika kwa mkono njia nzima. Mkristo yule, wifi. Mikono ilimvimba siku mbili.

Gustave ndiye aliyeniambia hili. Pale kwenye roboti za uwanja wa mbio za farasi palikuwa na askari anaongoza magari. Akaliona gari, akaiona stika ya mahakama, akasimamisha upande wa pili wote na kuwapigia saluti. Alidhani Jaji anapita.

Wiki ya pili nilivirudisha viti nikapakia watoto. Mzazi anayejua ni Thérèse peke yake. Wengine wakijua wataliita gari la maiti, kesho yake sina mtoto hata mmoja wa kupeleka. Ndiyo maana niliandika yalikwenda vizuri. Barua husomwa na macho mengi.

Cheti, wifi. Nakuomba.

Nusaiba


Ngamiani, Tanga
7 Novemba 2017

Nusaiba,

Salamu kwako na watoto. Salum anakusalimu. Mkewe anakusalimu, amejifungua mtoto wa kiume, wote salama. Watoto wanakusalimu. Bi Mwanahawa anakusalimu, mbuzi wake amezaa mapacha. Shehe wa msikiti wetu anakusalimu.

Familia imekaa na kuamua kwamba gari la marehemu lije nyumbani. Ndiyo kauli ya Mama na ndiyo kauli ya wote. Salum atafika huko mwanzoni mwa Desemba na dereva. Gari liwe limeoshwa, funguo na kadi viwe tayari. Cheti kitapatikana gari likishafika. Na kama unaona maisha ya huko yamekushinda, Salum yuko tayari kurudi na watoto, watoto ni wa nyumba hii.

Ni hayo.

Mwatumu


Turffontein
26 Novemba 2017

Wifi Mwatumu,

Shikamoo. Hongera kwa mtoto. Watoto wangu wazima.

Barua yako nimeisoma jikoni nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Umenisalimia kwa Salum, kwa mkewe, kwa Bi Mwanahawa mpaka mbuzi wake. Shehe ambaye hanijui ananisalimu. Mama hayumo. Kauli yake imo, salamu yake haimo. Mtu akiwa mgonjwa huandikwa kwamba ni mgonjwa. Akinikasirikia, angeniambia mwenyewe, ulimi anao hata kama meno hana.

Wifi, Mama yuko wapi?

Kwa upande wa Kaka Salum, mwambie asihangaike na safari. Sina kiburi naye. Gari halivuki mpaka bila barua ya mwenye jina, na mwenye jina amelazwa wiki ya pili hii. Nilikwenda kumtazama, akanishika mkono, akauliza neno moja tu: "Kimefika?" Nikasema bado.

Na wanangu hawatapanda basi na mtu. Hilo msilirudie kuniandikia.

Nijibu la Mama. Usinitumie salamu za mtu mwingine yeyote, nijibu hilo.

Nusaiba


Ngamiani, Tanga
23 Januari 2018

Nusaiba, mke wa ndugu yangu,

Nitaanza na jibu, salamu sina uso wa kuzitoa.

Mama hatuko naye. Alifariki mwishoni mwa mwezi wa tisa. Alikuwa anatia udhu, akakaa chini kidogo, hakuinuka.

Barua ya Novemba aliisema Salum, mimi niliandika. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. Kila neno nililitia alivyosema. Alipofika kwenye salamu akasema, "Tia na Mama anakusalimu." Mkono ulikataa, wifi. Nikamwambia nimeshatia. Hasomi vizuri bila miwani, na miwani ilikuwa chumbani. Uongo mwingine wote niliuweza, ule ukanishinda.

Alisema ukijua Mama hayupo hutalileta gari. Alisema kwa Mama ungeona haya. Nami naishi nyumba yake. Mwanamke aliyeachwa akarudi kwa kaka yake anaandika anachoambiwa. Sijitetei, nakueleza tu nilikokaa.

Barua yako ya Agosti nilimsomea Mama peke yake, mlango umefungwa. Alikuwa juu ya kasha. Uliposema maji ya vuguvugu alifumba macho. Nilipofika kwenye saluti ya yule askari akaniambia rudia. Nikarudia. Akasema rudia tena. Mara tatu. Kisha akacheka, Nusaiba, cheko lile la zamani, akasema, "Basi mwenyewe alilipanda mpaka mwisho. Nilitaka tu nikae alipokaa. Sasa mnalitaka la nini tena?" Akashuka kwenye kasha, akalifungua, akanipa cheti chako. Akaniambia, "Mpelekee mwenzio, ana watoto wa watu."

Hilo lilikuwa mwezi wa tisa, tarehe kumi na nane. Sasa utaniuliza, na nilijua utaniuliza, ndiyo maana barua yako ya Novemba ilikaa chini ya mto wangu mwezi mzima. Cheti nimekaa nacho tangu siku ile. Khatibu alipita Oktoba, nikamwambia sina kitu cha kumpa. Alipita na Desemba. Salum alikuwa anauliza kila mtu cheti kiko wapi, amelipekua kasha, ameligeuza, na mimi kimeshonewa ndani ya godoro langu. Nilimwogopa. Sina neno lingine zuri zaidi ya hilo.

Salum alifunga safari ya kuja kwako, akafika Dar, akageuza. Hasemi kwa nini. Banda lipo. Kuku wanalala humo.

Cheti ndicho hicho ndani ya bahasha. Mkimbilie Jaji nacho.

Mwatumu


Turffontein
11 Machi 2018

Wifi yangu Mwatumu,

Shikamoo. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Nimemlia Mama peke yangu, miezi mitano baada ya watu wote kumaliza. Nilikuwa naosha vyombo. Karimu aliniuliza kwa Kiingereza kitu gani kimetokea, nikamwambia bibi yake amefariki, akaniuliza bibi yupi. Hamjui, wifi. Anajua sauti tu, ile ya spika. Thérèse aliiletea nyumba nzima ugali, akakaa nami, akanisuka nywele bila mimi kumwomba.

Cheti kimenifikia tarehe mbili Machi, hakina doa.

Jaji alifariki tarehe sita Januari. Walimzika Jumamosi ya wiki iliyofuata, na bendera, na hotuba, foleni ya magari mpaka njia kuu. Mimi nilisimama mbali na Biubwa mgongoni. Barua yako ya kukiri ilikuwa bado hata hujaiandika.

Sitasema uongo kukupoza. Kingekuja na Khatibu Oktoba, mzee angeweka sahihi kitandani, akili yake ilikuwa nzima mpaka Krismasi. Nimelifikiria hilo kila siku tangu bahasha ifike. Nimekasirika, kisha nikakufikiria umelala juu ya godoro lile, kila ukigeuka linasema chini yako. Mimi nina mlango wangu wa kufunga. Wewe huna. Siwezi kukuchukia, ila siwezi pia kusema si kitu. Ni kitu. Tuishi nacho hivyo hivyo.

Binti wa Jaji ni mwanasheria. Alikuja mwenyewe mwezi uliopita. Mtu mpole, alikaa kiti cha nyuma dakika kumi na kitambaa puani, akaokota chini ya kiti kipande cha andazi, akakitazama, akakirudisha. Akaniambia baba yake aliwaambia wote kwamba gari aliliuza, yeye hana shaka nami, lakini ana kaka wawili na wao wana wanasheria wao. Bakiri hakuacha maandishi, kwa hiyo warithi wake wote lazima wajulikane, na asiyetaka fungu aseme hivyo kwa karatasi. Amenipa mpaka tarehe thelathini Aprili. Siku hiyo ikipita, gari linauzwa na mirathi ya baba yake.

Funguo amechukua. Gari liko hapa uani, vumbi limelikaa. Wazazi wanne wamepata usafiri mwingine, siwalaumu, mtoto hangoji mahakama. Nawapeleka kwa miguu Karimu na wawili wa Thérèse, dakika arobaini kwenda, Biubwa mgongoni, na nikirudi naanza kufulia watu. Miguu yangu imepasuka. Sikwambii unionee huruma, nakwambia ujue kila wiki inakwendaje.

Kaka Salum mpe shikamoo yangu. Mwambie gari hilo halimtengenezi mtu, mimi nimekaa ndani yake miezi kumi na moja na ni mimi yule yule. Mwambie pia sitamshitaki kwa watu, sitamsema kwa Mwadini wala kwa yeyote. Ninachomwomba ni sahihi.

Akikataa, wifi, wewe usinyamaze miezi minne tena. Niandikie siku ile ile "amekataa", hata kwenye kipande cha gazeti, nijue nifanye nini na siku zilizobaki.

Khatibu anaondoka Tanga tarehe tano Aprili. Vinavyohitajika bado ni hivi, na yule mwanasheria anataka vyenyewe, si vivuli:

Cheti cha kuzaliwa cha Bakiri. Kama hakimo kwenye kasha, kiko kwa mwalimu mkuu wa zamani, Bakiri alikipeleka alipojiandikisha mtihani wa darasa la saba na nadhani hakukichukua tena.

Barua ya Kaka Salum kwamba hadai gari wala sehemu ya gari, majina yake yote matatu, sahihi yake, muhuri wa hakimu.

Barua yako kama hiyo hiyo, na sahihi yako, na muhuri. Fungu la Mama limewashukia ninyi wawili.

Cheti cha kifo cha Mama. Nenda wilayani ukakikate, najua hamjakikata. Bila hicho, kwa watu wa huku Mama bado yu hai, na gari bado analidai.